Ukaguzi uliochelewa: jinsi Nintendo Switch ilivyofunguliwa kupitia USB

Tarehe 23 Aprili 2018, Kate Temkin, mtafiti wa usalama kutoka kundi la ReSwitched, alitoa hadharani maelezo ya udhaifu alioupa jina la Fusée Gelée. Namba yake rasmi ni CVE-2018-6242. Udhaifu huo ulikuwa ndani ya Tegra X1, chipu ya Nvidia inayoendesha Nintendo Switch, mashine ya gemu iliyoingia sokoni tarehe 3 Machi 2017. Kufikia mwisho wa Machi 2018 Nintendo ilikuwa imeuza mashine zaidi ya milioni 17. Zote zilikuwa na tundu hilo, na zile ambazo bado zinafanya kazi zinalo hadi leo.

Wengi walikisimulia kisa hiki kama habari ya wadukuzi na gemu za bure. Mimi kinanivutia kwa sababu nyingine: ni mfano safi kuliko yote niijuayo wa kinachoweza kuharibika pale chipu inapopokea programu kutoka nje na kuiweka kwenye kumbukumbu yake ya ndani. Mambo yote yanayohitajika yamo humu: ROM isiyofutika, RAM ndogo, saini ya kidijitali, waya wa USB, na mstari mmoja wa msimbo ulioamini namba ambayo haikupaswa kuaminiwa.

Tuanze na sekunde ile mashine inapowashwa. Switch ina GB 4 za RAM, lakini hizo ziko kwenye chipu nyingine pembeni, na umeme unapoingia hazifai kwa lolote. RAM ya aina hiyo inadai kuandaliwa kwanza: kasi yake ipangwe, volteji iwekwe sawa, muda wa kusoma na kuandika upimwe. Anayefanya kazi hiyo ni programu, na programu nayo inahitaji mahali pa kukaa kabla RAM haijawa tayari. Ndiyo maana ndani ya chipu yenyewe kuna kumbukumbu ndogo isiyohitaji maandalizi. Kwenye Tegra X1 kumbukumbu hiyo ni KB 256, kuanzia anwani 0x40000000 (anwani ni namba ya mahali ndani ya kumbukumbu). Picha moja ya simu ya leo haiingii humo.

Prosesa kubwa za chipu, zile zinazochezesha gemu, bado zimelala wakati huo. Anayeamka kwanza ni prosesa ndogo ya ukoo wa zamani, ARM7TDMI, na kazi yake ya mwanzo ni kusoma msimbo uliochongwa kwenye ROM ya chipu kiwandani. Msimbo huo unaitafuta programu ya kuwashia kwenye hifadhi ya mashine, unainakili kwenye zile KB 256, unakagua saini yake ya RSA, yaani saini ya kidijitali ya kihesabu, na ukiridhika unairuhusu iendeshe. Ufunguo wa kukagulia saini umefungwa na fyuzi ndogo ndogo ndani ya chipu. Fyuzi ikishaunguzwa hairudi. Kwa hiyo mlolongo mzima wa uaminifu wa mashine unaanzia kwenye ROM. ROM inaikagua programu ya kwanza, ya kwanza inaikagua ya pili, hadi gemu yenyewe.

Lakini vipi kama hifadhi imeharibika na programu ya kuwashia haipo? Hapo chipu ingekuwa jiwe. Nvidia, kama watengenezaji karibu wote, waliweka mlango wa dharura: hali inayoitwa RCM. Chipu ikiwa ndani ya RCM inaacha kutafuta programu kwenye hifadhi na badala yake inasubiri kompyuta iilishe programu kupitia USB, moja kwa moja hadi kwenye kumbukumbu ya ndani.

Fundi wa simu wa Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, hahitaji kufafanuliwa jambo hili. Simu ya Qualcomm iliyokufa inapotokea kwenye kompyuta kama kifaa cha 9008, yaani ikiwa katika hali ya dharura, au simu ya MediaTek inapopokea faili la DA, ile programu ndogo ya kupakulia, kabla ya kuflashiwa, kinachotendeka ni kilekile: ROM ya chipu inapokea programu ndogo kwa waya na kuiweka kwenye RAM ya ndani, kisha programu hiyo ndiyo inayofanya kazi nzito ya kuandika hifadhi upya. Hata kule kushoti nukta mbili kwenye bodi ili simu iingie hali hiyo kuna ndugu yake kwenye Switch. Unatoa kidhibiti cha kulia, unaunganisha pini ya 10 ya reli yake na graundi, unashikilia kitufe cha kuongeza sauti, unawasha. Kioo kinabaki cheusi, na kompyuta inaona kifaa kipya cha Nvidia. Watu walitumia vibanio vya karatasi, vipande vya foili, na baadaye vijiplastiki vilivyochapwa kwa mashine za 3D.

Kuingia RCM si udukuzi. Ni mlango uliowekwa makusudi, na wenye kufuli. Kwenye mashine iliyouzwa, ROM haitekelezi programu yoyote iliyokuja kwa USB kama haina saini ya mtengenezaji wa mashine, yaani Nintendo. Kompyuta inatuma ujumbe wenye kichwa cha baiti 680, na ndani ya kichwa hicho mna urefu wa ujumbe mzima, saini na maelezo mengine. Kisha inafuata programu yenyewe. ROM inapokea kipande baada ya kipande, inakiweka kila kimoja mahali pake, na ujumbe ukikamilika ndipo inakagua saini. Saini mbaya, mlango unafungwa. Hesabu za RSA zilikuwa kubwa kiasi kwamba hakuna aliyejisumbua kuzishambulia.

Sasa tuangalie ramani ya zile KB 256, maana siri yote imo humo.

Programu inayokuja kwa USB inawekwa kuanzia anwani 0x40010000 kwenda juu. Chini kidogo ya hapo, ikikomea kwenye anwani hiyohiyo, kuna staki ya ROM: eneo ambalo msimbo unaokimbia unaandika vigezo vyake vya muda na, muhimu zaidi, unaandika mahali pa kurudi kila kazi ndogo inapomalizika. Staki inakua kuelekea chini. Chini zaidi kuna bafa mbili, yaani maeneo ya kushikilia data kwa muda, zinazopokezana kazi ya kupitisha data ya USB, moja kwenye 0x40005000 na nyingine kwenye 0x40009000. Kutoka bafa ya juu hadi mwisho wa staki ni baiti 28,672.

Kwa hiyo mgeni asiyekaguliwa bado yuko jirani wa staki kwa juu, na bafa ya USB iko jirani wa staki kwa chini, na kati yao hakuna ukuta. ARM7TDMI haina kitengo cha kulinda kumbukumbu. Haiwezi kusema eneo hili ni la data tu, lisitekelezwe kama msimbo. Haiwezi kusema hapa pasiandikwe. Zaidi ya hapo, kwa kuwa msimbo umo kwenye ROM, anwani zote ni zilezile kwenye kila Switch duniani. Mshambuliaji akishaijua ramani ya mashine moja amezijua zote.

Kosa lenyewe liko mahali ambapo mtu asingefikiria kutazama. Halimo kwenye sehemu ya kupokea programu wala kwenye hesabu za saini. Limo kwenye adabu za kawaida za USB. Kila kifaa cha USB kinapaswa kujibu maombi fulani ya msingi, na moja ni GET_STATUS, yaani kompyuta inauliza hali ya kifaa. Jibu lake ni baiti mbili, basi. Hata hivyo ombi lolote la aina hiyo lina sehemu ambayo kompyuta inataja inataka baiti ngapi, na sehemu hiyo ina nafasi ya namba hadi 65,535.

Msimbo wa ROM ulikuwa na matawi mawili. Kompyuta ikiuliza hali ya kifaa kizima, ROM iliandaa jibu la baiti mbili, sawasawa kabisa. Ikiuliza hali ya sehemu moja ya mawasiliano, ile inayoitwa endpointi, ROM iliandaa jibu lenye urefu ambao kompyuta imeutaja. Baada ya matawi hayo ikanakili jibu kutoka kwenye kigezo kilichoko kwenye staki hadi kwenye bafa ya USB. Halafu, na hapa ndipo inapouma, msitari unaofuata ulikagua: kama kompyuta imeomba kidogo kuliko tulichonacho, tutume kile tu ilichoomba.

Msitari huo unaonyesha kwamba mwandishi wa msimbo alijua urefu ulioombwa na urefu uliopo ni vitu viwili tofauti. Ila aliulinda mwisho wa safari, pale data inapotoka kwenda kwenye waya, wakati hatari ilikuwa hatua moja nyuma, kwenye kunakili. Na katika tawi lile la pili namba mbili alizokuwa akizilinganisha zilikuwa namba moja.

Mshambuliaji anafanyaje? Anaanza kama mteja mwema. Anatuma kichwa kinachodai ujumbe mrefu, kisha anatuma programu yake, ambayo ROM inaipokea na kuipanga kuanzia 0x40010000. Mbele ya programu ameweka rundo la anwani moja ikijirudia, anwani ya msimbo wake mwenyewe. Hamalizi ujumbe. Anaacha baiti kadhaa hazijafika, kwa hiyo ROM inaendelea kusubiri, na ukaguzi wa saini, ambao ungemkamata, hauitwi kamwe. Ndipo anauliza kwa upole hali ya endpointi, na kuomba jibu la baiti 28,672.

ROM inaanza kunakili. Inachukua kutoka kwenye kigezo kile kilichoko kwenye staki na kupanda: mwisho wa staki kwanza, halafu moja kwa moja ndani ya eneo la mgeni, lililojaa anwani zake. Inapeleka kwenye bafa ya 0x40009000 na kupanda vilevile, inaipita bafa, inaingia kwenye staki yake yenyewe, inafuta mahali pa kurudi na kuandika pale anwani za mgeni. ROM yenyewe ndiyo inayobeba, kwa mkono wake, data ambayo haijaikagua, na kuiweka mahali pa kuiongoza. Kazi ya kunakili inapoisha na kutaka kurudi ilikotoka, inaruka hadi kwenye programu isiyo na saini. Kuanzia hapo mashine ina bwana mwingine, kabla Nintendo hajapata hata nafasi ya kuonyesha nembo yake.

Kuna kichekesho kidogo upande wa kompyuta. Linux kwa kawaida haimruhusu mtumiaji kutuma ombi kama hilo likizidi baiti 4,096, kwa hiyo mfano wa kwanza wa shambulio ulilazimika kuipita maktaba ya USB na kuzungumza moja kwa moja na kerneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux. Muda si mrefu watu wakawa wanaifanya kazi hiyohiyo kwa simu ya Android, na hata kwa ukurasa wa tovuti ndani ya Chrome.

Baada ya kisa kujulikana, maoni mengi yalisema kosa lilikuwa kupokea programu kabla ya kuikagua. Sikubaliani. Huwezi kukagua saini ya kitu ambacho hakijafika, na chipu iliyotoka tu kuwashwa haina pengine pa kukiweka isipokuwa kwenye RAM yake ya ndani. Mzigo lazima ushushwe gatini ndipo forodha waufungue. Kilichofanyika hapa ni kuushusha juu ya meza ya afisa forodha mwenyewe. Ramani ile ndiyo ninayoilaumu zaidi kuliko ule mstari. Makosa ya urefu yatatokea, kwani msimbo wa USB ni mrefu na una njia nyingi zisizopitwa mara kwa mara. Lakini kama staki ingekuwa chini ya bafa badala ya juu yake, kunakili kulekule kungemwagikia kwingine, na huenda mashine ingekwama tu badala ya kutekwa. Kuhamisha eneo moja kwenye ramani hakugharimu transista hata moja.

Nvidia, katika taarifa yao, walieleza kwamba shambulio linahitaji mtu aishike mashine mkononi. Ni kweli, na kwa mwenye mashine ni faraja ya kweli: hakuna atakayeiteka Switch yako kupitia intaneti kwa njia hii. Ila kufuli la RCM halikuwekwa ili kumzuia mwizi wa mbali. Liliwekwa kumzuia anayeishika mashine, yaani mteja aliyeinunua. Kwa kipimo hicho, maneno kwamba lazima mtu awe nayo mkononi hayapunguzi uzito wa udhaifu hata kidogo, kwa sababu watu milioni 17 tayari walikuwa nayo mkononi.

Na hakukuwa na dawa. Programu ya mfumo wa Switch husasishwa kwa intaneti kila baada ya muda, lakini sasisho huandikwa kwenye hifadhi, na hifadhi husomwa baada ya ROM kufanya kazi yake. Nvidia walikuwa wameacha njia finyu: fyuzi chache zinazoweza kubadili maneno machache ya ROM wakati inasomwa. Njia hiyo hufungwa mashine inapokamilika kiwandani, ili asije mtu mwingine akaitumia kuibadili ROM kwa nia mbaya. Ulinzi huo ukageuka kizuizi kwa mtengenezaji mwenyewe. Mashine zilizokwisha kuuzwa zilikuwa zimefungwa milele zikiwa na kosa ndani.

Temkin alikuwa amewajulisha Nvidia na Nintendo mapema, na alikusudia kungoja hadi tarehe 15 Juni 2018 kabla ya kutoa maelezo kamili. Hakuweza. Kundi lingine, fail0verflow, lilikuwa limeligundua kosa hilohilo kwa njia yake na kuandaa shambulio liitwalo ShofEL2, ambalo liliwasha Linux kwenye Switch. Muda wao wa siku 90, ule wa kumpa mtengenezaji nafasi kabla ya kutangaza, ulikuwa unaishia tarehe 25 Aprili. Mtu mwingine alipovujisha habari, wote wakatoa walichokuwa nacho karibu kwa pamoja. Makundi yanayofanya kazi bila kushirikiana kufikia mstari uleule mmoja ni jambo la kutafakari kwa yeyote anayedhani msimbo wa ROM uko salama kwa kuwa hauonekani.

Yaliyofuata yanajulikana. Ikaja Atmosphère, mfumo huria unaopakiwa kupitia tundu hilo. Wakaja pia wauzaji: Team Xecuter waliuza vifaa vya kufungulia Switch kwa pesa, Marekani ikawashtaki waliotajwa kuwa viongozi wao mwaka 2020, na mmoja akahukumiwa miezi 40 jela Februari 2022. Tundu halikuchagua kati ya mwanafunzi anayetaka Linux na mwuza gemu za wizi.

Si kila mtengenezaji anaufunga mlango huu. Chipu za Allwinner, zilizojaa kwenye bodi za bei nafuu, zina hali ya FEL inayopokea programu kwa USB na kuiweka kwenye RAM ya ndani bila kuuliza saini. RP2040 ya Raspberry Pi, ya mwaka 2021, ina RAM ya ndani ya KB 264. Ukishikilia kitufe chake cha BOOTSEL inajitokeza kwenye kompyuta kama flashi, unaburuta faili la UF2, na faili hilo linaweza kuandikwa moja kwa moja kwenye RAM na kuendeshwa. Pale hakuna kosa kama la Tegra X1 la kuzungumzia, kwa sababu hakuna anayezuiwa. Mwenye bodi ndiye mwenye chipu. Kwa anayebuni kifaa chake mwenyewe, iwe mita ya maji au kidhibiti cha pampu ya shamba, huo ndio uamuzi wa kwanza kabla ya RSA na fyuzi: je, yupo unayemzuia? Ukijibu ndiyo, basi kila baiti inayopita USB kabla ya saini kukaguliwa ni sehemu ya kufuli, ukiwemo msimbo wa kujibu salamu za kawaida.

Apple walijibu ndiyo, na wakapatwa na jambo la namna hiyohiyo. Tarehe 27 Septemba 2019 mtafiti anayejiita axi0mX alitoa checkm8, shambulio dhidi ya ROM za iPhone zenye chipu za A5 hadi A11. Kosa lilikuwa tofauti: ROM iliendelea kutumia kipande cha kumbukumbu ambacho ilikwisha kukiachia. Lakini mahali palikuwa palepale, kwenye msimbo wa USB unaosubiri kupokea programu ya dharura, na hatima ikawa ileile. Simu hizo hazikarabatiki kwa sasisho lolote.

Kwa upande wa Switch, mashine zilizotoka kiwandani zikiwa zimerekebishwa kwa zile fyuzi zilianza kuonekana madukani katikati ya mwaka 2018, zikiwa na sura ileile na kisanduku kilekile. Agosti 2019 ikatoka Switch yenye toleo jipya la chipu, Tegra X1+, na ROM yake haina kosa hilo. Tangu hapo wanaotaka mashine inayofunguka husoma namba ya mfululizo (serial number) iliyobandikwa chini ya kifaa kabla ya kukubaliana bei, na zile za mwanzo zinatafutwa kuliko mpya. Nintendo haina namna ya kuzigusa. Kilichobaki mikononi mwake ni seva: mashine ikibainika kuwa imechezewa, cheti chake kinafungiwa na haiingii tena kwenye huduma za mtandaoni, huku ROM yake ikiendelea kujibu kila anayeiuliza hali yake.